Mkanda wa Ngozi na Amana ya Sauti

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hiyo hunijia kila nionapo watu wamelizunguka fonografu kongwe. Wote huitazama honi yake iliyochanua kama ua la boga, huisifu mbao yake iliyong'arishwa, huuliza bei na umri wake. Ni nadra kumwona mtu akiinama kutazama chini ya bamba la chuma, ambako utepe wa ngozi, upana wake karibu sentimeta moja na unene wake usiofika milimeta mbili, umeviunganisha viwili vilivyotengana: mtambo unaozunguka chini na silinda inayoimba juu. Honi ikivunjika, sauti hupungua. Mbao ikiliwa na mchwa, uzuri hupungua. Mkanda ukikatika, hakuna kitu. Kuna kamani inayojizungukia bure, na silinda iliyonyamaza na siri yake.

Katika kurasa hizi ningependa kuisimulia historia ya utepe huo, na kueleza namna unavyotengenezwa upya katika zama ambazo viwanda vyake vimekwisha kufungwa. Msomaji mpenda mashairi asidhani kwamba nimemwacha njiani. Habari hii ni ya kwake, kwa kuwa kitu cha kwanza kilichopata kunaswa na kurudishwa na mashine ya Edison kilikuwa ni beti.

Tuanze hapo. Mwishoni mwa mwaka 1877, katika karakana ya Menlo Park, jimbo la New Jersey, Marekani, Thomas Edison alimkabidhi fundi wake John Kruesi, mzaliwa wa Uswisi, mchoro wa mashine. Kruesi aliiunda: silinda ya shaba nyeupe yenye mfuo wa mzunguko, mhimili wenye hesi, kiwambo chembamba chenye sindano, na mkono wa kuzungushia. Edison alivingirisha karatasi ya bati juu ya silinda, akauzungusha mkono, akakisomea kiwambo shairi dogo la watoto linalomhusu msichana na mwanakondoo wake. Aliporudisha sindano mwanzo na kuzungusha tena, beti zilimrudia. Hati ya kulinda ubunifu huo ilitolewa tarehe 19 Februari 1878.

Mashine ile haikuwa na mkanda. Haikuuhitaji, kwani mtambo wake ulikuwa mkono wa binadamu. Na hapo ndipo penye ila yake kubwa. Mkono wa mtu, hata awe mpiga ngoma hodari, hauwezi kuzunguka kwa kasi ile ile leo na kesho. Ukiharakisha, sauti hupanda na kuwa ya ndege. Ukichelewa, hushuka na kuwa ya mgonjwa. Maneno husikika, lakini mwenye maneno hatambulikani. Kwa mzungumzaji hilo lilivumilika. Kwa mwimbaji lilikuwa msiba, maana wimbo ni uhusiano wa sauti na sauti, na uhusiano huo ukiyumba wimbo haupo tena.

Hivyo basi, baada ya kupatikana njia ya kuinasa sauti, tatizo lililofuata lilikuwa kuizungusha kwa kasi moja. Waliolishughulikia kwa bidii ni Chichester Bell na Charles Sumner Tainter, waliokuwa wakifanya kazi mjini Washington pamoja na Alexander Graham Bell. Hati zao za ubunifu zilitolewa tarehe 4 Mei 1886. Waliiacha karatasi ya bati, wakachonga sauti katika nta iliyopakwa juu ya silinda ya karatasi ngumu, na mashine yao wakaiita grafofoni. Kampuni iliyoziuza iliziundia Bridgeport, jimbo la Connecticut, katika kiwanda kilichokuwa cha vyarahani vya Howe. Baadhi ya grafofoni hizo ziliwekwa juu ya meza ya cherehani na kuendeshwa kwa miguu: mtu alikanyaga, gurudumu kubwa likazunguka, mkanda wa ngozi ukapandisha mwendo juu, na kidhibiti mwendo kikazuia pupa ya miguu yake.

Yeyote aliyekulia katika mitaa yetu anaiona picha hiyo bila ya kuchorewa. Fundi cherehani amekaa barazani, miguu yake inakanyaga, na mkanda wa ngozi unapanda kutoka gurudumu la chini hadi gurudumu dogo la juu, umeunganishwa kwa kipande cha waya. Ukilegea huukata kidogo na kuuunganisha upya. Ukiteleza huupaka ulimbo. Mkanda uliopandisha sauti juu ya meza ya Bridgeport ulikuwa ndugu wa huo uliotushonea kanzu za Idi.

Edison naye hakulala. Mwaka 1888 alitoa fonografu iliyotengenezwa upya, yenye silinda ya nta tupu na mota ya umeme wa betri, nayo nguvu ilipandishwa juu kwa mkanda. Betri za siku zile zilikuwa nzito, zenye tindikali, na aghali mno kwa nyumba ya kawaida. Ufumbuzi ulikuwa ni kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa kama ule wa saa, unaotiwa ufunguo kwa mkono na kujikunjua taratibu. Mwaka 1896 ilitoka fonografu iliyoitwa Home, na mwaka 1898 ikatoka Standard, iliyouzwa dola 20. Zote mbili zilikuwa na kamani na magurudumu ya meno chini ya bamba, silinda juu ya bamba, na mkanda bapa wa ngozi ukipita kati. Mwaka 1899 ilitoka ndogo na rahisi zaidi, Gem, ambayo ilizungushwa kwa meno bila ya mkanda.

Msomaji atauliza: ikiwa meno yaliwezekana katika Gem, kwa nini mkanda uliendelea kutumika katika mashine kubwa? Jibu ni la mtu anayejua tofauti ya mvuto na msukumo. Gurudumu la meno likiligusa jenzake, kila jino hupeleka mgutuko wake mdogo. Migutuko hiyo ikifika kwenye silinda huingia katika wimbo kama kutetemeka kwa sauti ya mzee. Ngozi ni laini. Huumeza mgutuko na kupeleka mzunguko peke yake. Inafanya kazi ya mpokeaji hodari katika ngoma, ambaye husikia makelele yote ya uwanjani lakini huitikia lile pigo moja tu linalotakiwa.

Lakini hisani hiyo ina masharti. Mkanda uliolegea huteleza juu ya kapi, na silinda huchelewa pale pale ambapo sindano inakutana na mfuo mzito, yaani pale mwimbaji anapopaza. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huubana mhimili katika fani zake, kamani huchoka kabla ya wimbo kwisha, na chuma hulika. Kiungo chake kikiwa kinene kuliko sehemu nyingine, kila kinapopita juu ya kapi silinda hushtuka, na wimbo hupata kwikwi inayojirudia kwa kipimo, kama mtu anayesoma shairi huku akijikwaa katika mizani ile ile ya kila mshororo.

Hebu tulipime jambo hili kwa tarakimu. Kuanzia mwaka 1902 silinda za Edison zilizochapwa kwa wingi zilikusudiwa kuzunguka mara 160 kwa dakika. Kabla ya hapo kasi hazikuwa sawa, na nyingi zilikuwa ndogo zaidi. Mfuo ulipita mara 100 katika kila inchi, na silinda iliimba kwa muda wa dakika mbili hivi. Sasa, ikiwa mkanda unateleza hata mizunguko 160 ikawa 151, wimbo wote umeshuka nusu toni. Mizunguko tisa tu, na aliyeimba si yeye tena. Na hiyo ni hasara inayodumu mfululizo, ambayo sikio huweza kuizoea. Mtikisiko unaokuja na kwenda, sikio huutambua hata usipofika asilimia moja.

Hapa ndipo habari ya mkanda inapofika kwetu. Mwaka 1900, mjini Berlin, Carl Stumpf alianzisha hazina ya sauti iliyokuja kuitwa Phonogramm-Archiv, ambayo baadaye iliongozwa na Erich von Hornbostel. Wasafiri, maofisa na wataalamu wa Kijerumani walipewa fonografu na silinda tupu, wakaenda nazo pande zote za dunia. Mwaka 1906 Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Lindi, akapanda hadi Masasi, Newala na uwanda wa juu wa Wamakonde. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa havijazimika, na nchi ya Kusini ilikuwa na majeraha na njaa. Weule alibeba fonografu, na watu waliimba mbele ya honi.

Tulitafakari tukio hilo pasina kulipamba. Mwenye mashine alikuwa wa upande wa watawala. Waliotoa sauti walikuwa wa upande wa walioshindwa. Nta iliyonasa nyimbo zao ilifungwa katika masanduku na kuvuka bahari, na wao wakabaki. Hata hivyo, kilichonaswa ni pumzi yao wenyewe. Hakuna mkalimani aliyeipitisha pumzi ile katika lugha nyingine, wala mwandishi aliyeifupisha. Miongoni mwa mambo yote yaliyoandikwa juu ya watu wa Kusini mwaka ule, silinda zile ni miongoni mwa machache yaliyosemwa nao.

Lakini je, sauti tuisikiayo leo ndiyo iliyotoka vinywani mwao? Nta hulainika kwenye joto. Ngozi hutanuka kwenye unyevu na kusinyaa kwenye ukavu. Fonografu iliyorekebishwa katika baridi ya Ulaya, ikabebwa kwa meli na kwa vichwa vya wapagazi, ilikuwa na sababu nyingi za kubadili mwendo kabla haijafika inapokwenda. Wataalamu wa Berlin waliijua hatari hiyo, na dawa waliyoipata ni miongoni mwa hekima ndogo ninazozipenda mno katika historia ya kunasa sauti. Msafiri alipewa filimbi ndogo yenye sauti moja tu, iliyopimwa mitetemo 435 kwa sekunde. Kabla ya wimbo, aipulize mbele ya honi. Kasi ya mashine iwe iwavyo, filimbi ingenaswa pamoja na wimbo kwa kasi ile ile. Miaka mia baadaye msikilizaji anaipima filimbi: akisikia mitetemo 411 badala ya 435, anajua kwamba silinda inakwenda chini kwa nusu toni, naye huongeza mwendo mpaka filimbi irudi mahali pake. Filimbi ikirudi, na mwimbaji hurudi. Pasipo filimbi, mtu hubaki akikisia.

Hazina hiyo ya Berlin ilipitia misukosuko yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ilipelekwa Leningrad, kisha ikarudishwa Berlin ya Mashariki, na ndipo mwaka 1991 ikakutanishwa tena na mwenyeji wake wa awali. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Ama kwa upande wa visiwa na miji yetu ya pwani, sauti ilitufikia kwa njia nyingine, isiyo na mkanda. Emile Berliner alikwisha kubuni gramafoni tangu mwaka 1887, nayo ilitumia sahani bapa badala ya silinda. Eldridge Johnson wa Camden, New Jersey, aliitengenezea mtambo wa kamani mwaka 1896, na mtambo huo uliizungusha sahani kwa magurudumu ya meno. Sahani ilikuwa rahisi kuchapwa, rahisi kupangwa kabatini na rahisi kusafirishwa, na ndiyo iliyoshinda. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwezi Machi 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, walirekodi sahani, na sahani ndizo zilizorudi Unguja na kuenea hadi bara. Kwa hiyo tulipojifunza neno santuri, hatukujifunza pamoja nalo shida ya mkanda. Mwaka uliofuata, yaani Oktoba 1929, kampuni ya Edison ilifunga biashara yake ya silinda na sahani. Fonografu zikabaki majumbani na katika maghala bila ya mtengenezaji wa kuziletea mikanda.

Tangu siku hiyo mkanda ukawa kazi ya mwenye mashine. Mimi niliingia katika kazi hiyo bila ya kukusudia. Jamaa yangu mmoja alirudi kutoka Uingereza na fonografu ya Standard aliyoinunua mnadani, pamoja na silinda nne. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa mkanda. Mahali pake palikuwa na kipande cha utambi. Akanikabidhi, kwa hoja kwamba mtu anayehesabu mizani ya mashairi hashindwi kuhesabu mizunguko.

Mkanda wangu wa kwanza niliukata kutoka ngozi ya mbuzi iliyobaki katika kuwamba ngoma. Nilijiona mwerevu: ngozi ninayoijua, ya nchi yangu, na bure. Ulizunguka siku moja. Ngozi ya ngoma ni ngozi mbichi iliyokaushwa. Hewa ikiwa na unyevu hulegea, hewa ikikauka hukaza. Ndiyo maana wapigaji huiota motoni kabla ya kuingia uwanjani. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi mkanda ulikuwa unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa nimekisahau nilichokijua tangu utotoni.

Mkanda wa fonografu hutaka ngozi iliyolainishwa kwa dawa ya magome au ya madini, ya ndama kwa kawaida, nyembamba na yenye unene mmoja. Dawa ya magome si ngeni kwetu: enzi ya utawala wa Wajerumani, magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalisafirishwa kwenda Ujerumani kwa kazi hiyo hiyo ya viwanda vya ngozi. Fundi viatu mmoja wa mjini aliniuzia kipande cha ngozi ya namna hiyo na kunifundisha mambo ambayo hakuna kitabu kilichonieleza vizuri kama yeye. Alinionya nisikate karibu na tumbo la mnyama, kwa kuwa ngozi ya tumbo hutanuka ovyo. Nikate sehemu ya mgongo, kwa urefu wake. Akaniambia niitundike kwanza kwa siku mbili na uzito mwishoni, ili itanuke utanukaji wake kabla ya kupimwa. Ngozi isiyotundikwa hutanukia kazini, na siku ya tatu mkanda huwa mrefu kuliko ulivyokatwa.

Kipimo huchukuliwa kwa uzi. Unazungusha uzi juu ya kapi la chini na kapi la juu, ukipitia lile kapi dogo la kukazia kwa mashine zenye nalo, huku ukiliweka katikati ya mwendo wake, ili libaki na nafasi ya kukaza na ya kulegeza. Urefu wa uzi ndio urefu wa mkanda, ukiongeza kiasi cha sentimeta mbili za kiungo. Kisha hukata kwa kisu kikali na rula ya chuma, kwa mkato mmoja usiosita. Ukingo ukiwa na mawimbi, mkanda hutangatanga juu ya kapi na mwisho huchupa.

Kazi yenyewe ni kiungo. Ncha mbili haziwekwi moja juu ya nyingine kwa unene wao, kwani hapo ndipo kwikwi huzaliwa. Kila ncha huparuliwa kwa mshazari, moja upande wa juu na nyingine upande wa chini, mpaka iwe nyembamba kama karatasi ukingoni. Zikikutana, unene wa zote mbili uwe sawa na unene wa ngozi moja. Hupakwa gundi, husubiriwa mpaka ishike vidoleni, hukandamizwa kati ya vibao viwili na kuachwa usiku kucha. Na kuna adabu ya upande: mkanda uvalishwe kwa namna ambayo ukingo wa nje wa kiungo unafuata nyuma wakati wa kuzunguka, usitangulie. Ukitangulia, kila kapi huupapasa na kuuinua kidogo kidogo, kama upepo unavyoinua ukucha wa makuti, hadi uachie.

Mafundi hawakubaliani kuhusu upande upi wa ngozi uliguse kapi, ule laini au ule wenye malaika. Waliokulia viwandani, ambako mikanda mikubwa iliendesha mashine, hupendelea laini, kwa kuwa hushika eneo kubwa zaidi. Wengine husema upande wenye malaika hautelezi. Mimi nimejaribu zote mbili, na katika mashine ile upande laini umenitulia zaidi. Mafuta sikuyatia. Mafuta hulainisha ngozi, lakini huifundisha kuteleza.

Mkanda wangu wa pili ulikuwa na kiungo kinene. Tulikaribisha wageni, tukatia ufunguo, na mwimbaji wa Kimarekani aliyekwisha kufa zamani akaanza kuyumba kama mtu aliye ndani ya mashua ya kusi. Wageni walicheka, nami nilicheka nao, lakini sikupendezwa. Mtu yule aliimba siku yake moja kwa ukamilifu wa ufundi wake, na kosa la kidole changu lilimfanya kichekesho mbele ya watu asioweza kujitetea kwao.

Wa tatu ulikubali. Nilibandika kijikaratasi ukingoni mwa silinda, nikahesabu kinavyopita kwa nusu dakika kwa mkono wa saa, nikapindua parafujo la kidhibiti mwendo mpaka hesabu ikawa 80. Ndipo sindano ikateremshwa. Sauti ilisimama wima. Hakuna aliyecheka.

Nastahiki kueleza kwa nini jambo dogo namna hiyo linanigusa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akizihifadhi tenzi kwa moyo, pamoja na baadhi ya nasaha alizofundishwa na mama yake ambazo sijaziona zimeandikwa popote. Mwaka 1983 tulimrekodi katika kaseti, upande mmoja mzima. Alifariki miaka miwili baadaye. Kaseti iliwekwa, kwa heshima na kwa uzembe, kama tuwekavyo vitu tunavyodhani havina haraka. Nilipoitafuta redio ya kuichezea, mkanda wa mpira wa ndani ulikuwa umegeuka lami. Kila anayekaa pwani anakijua kile kinyesi cheusi kinachonata vidoleni. Sikuwa na mwingine, wala subira. Nilichukua mpira wa kufungia karatasi, nikauvalisha, nikabonyeza kitufe.

Bibi alizungumza. Alizungumza haraka kuliko alivyozungumza maishani, kwa sauti ya msichana, nami nilifurahi hata sikujali. Mpira ule ulikuwa ukiteleza kwenye gurudumu la kukusanyia utepe. Utepe ulikuwa ukitoka na haukuwa ukikunjwa. Ulijisokota ndani ya mashine, ukabanwa, ukatanuka, ukakatika. Kilichookolewa ni kama dakika moja na nusu, na sehemu yake imevutika, maneno yanalia kwa urefu usio wao. Nasaha zilizosalia nimezipoteza mimi. Sikuzipoteza kwa vita wala kwa moto. Nimezipoteza kwa mkanda usiofaa na kwa kukataa kungoja siku mbili.

Kwa sababu hiyo nawaheshimu wahifadhi wanaokataa kuichezesha silinda kongwe katika mashine kongwe. Siku hizi maktaba kubwa hutumia mitambo mipya. Mmojawapo ni Archéophone, uliotengenezwa na Mfaransa Henri Chamoux mwishoni mwa miaka ya 1990, wenye sindano nyepesi ya umeme na mwendo unaoweza kurekebishwa kwa uangalifu mkubwa. Huko California, Carl Haber na wenzake walibuni njia ya kuupiga picha mfuo na kuibadili picha kuwa sauti, bila ya kuigusa nta hata kidogo. Silinda za pekee, kama zile za Kusini, hiyo ndiyo haki yake. Haifai kuziteremshia sindano nzito kwa ajili ya furaha ya jioni moja.

Je, mkanda wa ngozi umebaki na kazi gani? Umebaki na kazi ya kutufundisha kusikia kama walivyosikia wao. Silinda zilizochapwa kwa maelfu zipo bado, nyingine ni za selulodi ngumu ambazo Edison alianza kuzitoa mwaka 1912, na hizo huvumilia. Mtu akitia ufunguo, akaona mkanda ukianza kutembea, akasikia kwanza mkwaruzo halafu sauti, anafahamu kwamba sauti iliyohifadhiwa haijihifadhi yenyewe. Kuna mtu aliyekata, aliyeparua, aliyengoja gundi ikauke. Sisi wa kizazi hiki tunazo sauti za wazee wetu katika simu na kompyuta, nasi tumestarehe kwa kuwa hazina mkanda wa kukatika. Zina mikanda yake. Haionekani tu: ni mfumo unaobadilishwa, ni neno la siri lililosahaulika, ni mtoto asiyejua kwamba ndani ya simu iliyokufa mlikuwa na babu yake. Mwenye sauti ya mzee na aifanyie nakala leo, aiweke mahali pawili, na aandike jina la msemaji, mahali na mwaka. Hiyo ndiyo filimbi yetu.

Fonografu ya jamaa yangu bado inaimba. Kabla ya kuufunga mkanda ule wa tatu, niliandika kwa penseli upande wake wa ndani: aina ya ngozi, urefu, tarehe, na mshale unaoonyesha upande wa kuzungukia. Maandishi hayo hayaonekani mashine inapokuwa imefungwa. Ataona atakayeufungua siku utakapokatika.